Dansi ya Kisasa, Maji na Maumbile: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo watazamaji, wazazi wa wanafunzi na wachezaji wanaoanza wamekuwa wakiniuliza, mara nyingi kwa maneno yaleyale, baada ya onyesho au baada ya darasa la ufukweni. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa katika swali jingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Je, "dansi ya kisasa" ndiyo ile dansi ya bendi?

Hapana, ingawa ni rahisi kuzichanganya. Nchini Tanzania mtu akitaja dansi, wengi hufikiria muziki wa dansi, ule wa DDC Mlimani Park na Msondo Ngoma, unaowainua watu vitini wakaucheze wenyewe. Dansi ya kisasa, ambayo Wakenya wengi huiandika densi ya kisasa, ni sanaa ya maonyesho: yupo mtunzi anayepanga miondoko, wapo wachezaji wanaoizoea kwa miezi, na wapo watazamaji. Mchezaji halazimiki kufuata mdundo wala kutabasamu. Anaweza kulala chini, kutambaa, kuanguka na kuinuka mara ishirini, au kusimama kimya dakika tano nzima, na yote hayo yakahesabika kuwa dansi.

2. Maji yanaingiaje katika dansi?

Kuna kazi ambazo maji humwagwa au kunyesha jukwaani, kuna zinazochezwa ndani ya mto au kando ya bahari, na kuna nyingine ambazo hutaona tone hata moja lakini namna mwili unavyosogea imetokana na kuyachunguza maji kwa muda mrefu. Aina hii ya mwisho husahauliwa, nami naona ndiyo mzizi wa zote. Mwili wa mtu mzima ni maji kwa takriban asilimia 60 ya uzito wake, kwa hiyo mchezaji anapotafuta jinsi ya kuuacha uzito utiririke kutoka begani hadi kiunoni, hajiigizi kuwa maji. Anakisikiliza kitu ambacho tayari kimo ndani yake.

Kipimo ninachotumia ni kimoja. Najiuliza: maji haya yakiondolewa, je, mchezaji ataendelea kucheza vilevile? Kama jibu ni ndiyo, maji yalikuwa pambo. Kama miondoko yenyewe ingebomoka, basi maji yalikuwa mchezaji mwenza, na kazi hiyo inastahili kutazamwa mara ya pili.

3. Nitaielewaje kazi isiyo na hadithi?

Anza kwa kutazama uzito. Angalia ni wakati gani mchezaji anaukubali uzito wake na ni wakati gani anaupinga. Kisha tazama pumzi, kwa sababu mchezaji aliyelowa na kupoa hupumua tofauti na aliye mkavu, na mtunzi mzuri hulijua hilo na kulitumia. Tazama pia nguo. Gauni refu likiwa kavu hupepea na kumfuata mwenye kulivaa. Likilowa humvuta chini, na kila hatua inakuwa kazi. Ukiona hayo matatu umekwisha kuielewa sehemu kubwa, hata kama hukupewa karatasi ya maelezo mlangoni.

## Kazi zinazotajwa sana

4. Nikitaka kuanza na kazi moja, nianze na ipi?

Anza na *Vollmond*, yaani mwezi mpevu, aliyoitunga Pina Bausch mwaka 2006 kwa kundi lake la Tanztheater Wuppertal nchini Ujerumani. Mandhari ya jukwaa ni kazi ya Peter Pabst: mwamba mmoja mkubwa mno, maji yanayopita chini yake kama kijito, na mvua inayonyesha kutoka juu. Wachezaji ni 12. Katika nusu ya kwanza maji huwagusa kidogo kidogo, katika vituko vya mapenzi na ugomvi kati ya wanaume na wanawake. Kuelekea mwisho huchukua ndoo, wakachota maji na kuyarusha kwenye mwamba kwa nguvu zao zote, na maji yale hupasuka na kuwarudia wenyewe.

Ninapenda kumwonyesha mwanafunzi sehemu hiyo ya ndoo peke yake. Kurusha ndoo iliyojaa si tendo la mikono. Miguu hujikita kwanza, kiuno hujizungusha, na maji yakishatoka ndoo hubaki nyepesi ghafla, kiasi kwamba mwili wote huvutwa mbele na uzito ambao haupo tena. Hakuna haja ya kuigiza hasira wala furaha. Uzito unaoondoka ghafla unatosha. Vipande vya kazi hiyo vimo pia katika filamu *Pina* ya Wim Wenders ya mwaka 2011, iliyotoka baada ya Bausch kufariki tarehe 30 Juni 2009.

Haikuwa mara yake ya kwanza kuyaita maumbile ndani ya ukumbi. Mwaka 1975 alitandaza udongo jukwaa zima kwa ajili ya *Le Sacre du printemps*, yaani kafara ya majira ya kuchipua, na mwaka 1979, katika *Arien*, alilifurika jukwaa kwa maji.

5. Kwa nini *Moon Water* huitwa kazi ya maji wakati kwa muda mrefu jukwaa ni kavu?

Kwa sababu maji yamo katika miili ya wachezaji kabla hayajafika sakafuni. Kazi hii ya mwaka 1998 ni ya Lin Hwai-min, mwanzilishi wa Cloud Gate, kundi alilolianzisha Taiwan mwaka 1973. Wachezaji wake hujifunza tai chi dao yin, mazoezi ya kale ya Kichina ya pumzi na mizunguko ya mwili, na hutumia miaka kuyazoea. Muziki ni wa Bach, ule wa selo moja isiyo na chombo kingine. Wakiwa wamevaa suruali nyeupe juu ya sakafu nyeusi iliyochorwa mawimbi meupe kama ya brashi ya mwandiko wa Kichina, husogea bila kona hata moja: mkono unapoishia ndipo mwendo mwingine unapoanzia, na jicho halioni kiungio.

Kisha, kazi ikiwa imekaribia mwisho, maji huanza kusambaa taratibu kwenye sakafu. Hayamwagwi kwa kishindo; mtazamaji huyagundua pale nyayo zinapoanza kung'aa. Vioo hufunuliwa juu, na wachezaji wakawa wanaonekana mara mbili, wao na taswira zao. Jina la kazi limetokana na msemo wa Kichina unaotaja maua ndani ya kioo na mwezi ndani ya maji, vitu viwili vinavyoonekana lakini havishikiki. Kwa kipimo cha swali la 2, hii ndiyo kazi inayonisumbua zaidi, kwani ukiyaondoa maji ya mwisho miondoko haibomoki. Kinachopotea ni uthibitisho kwamba tangu mwanzo ulikuwa ukitazama maji.

Lin alirudi kwenye maumbile mara nyingine. Katika *Songs of the Wanderers* (1994) alitumia tani tatu na nusu za mpunga wa rangi ya dhahabu, na mchezaji mmoja husimama kama mtawa muda wote huku mpunga ukimwangukia utosini. *Rice* ya mwaka 2013 ilitokana na mashamba ya Chishang, mashariki mwa Taiwan, ambako kilimo cha mpunga ni habari ya maji tangu mche hadi mavuno.

6. Je, ni kweli kuna wanaocheza ndani ya mto wenyewe?

Ni kweli. Eiko na Koma, mke na mume wenye asili ya Japani walioishi na kufanya kazi New York tangu mwaka 1976, walitunga *River* mwaka 1995 ichezwe katika mito na madimbwi halisi wakati wa magharibi. Mwendo wao ni wa polepole kupita kiasi, na watazamaji hukaa ukingoni giza likiingia. Mwaka 2011 walicheza *Water* katika bwawa la uani kwa jumba la Lincoln Center, katikati ya jiji. Mtu hawezi kuushinda mkondo wa mto kwa kasi, na wao hawakujaribu. Waliuacha uwachukue, nao wakaamua tu ni lini waushike mkono wa mwenzao.

7. Je, Afrika ina kazi ya namna hii iliyojulikana duniani?

Ninayoirejea kila mwaka ilichezwa ufukweni Toubab Dialaw, Senegal. Hapo ndipo ilipo École des Sables, yaani Shule ya Mchanga, aliyoianzisha Germaine Acogny mwaka 1998. Acogny alizaliwa Benin mwaka 1944, na kati ya 1977 na 1982 aliongoza shule ya dansi ya Mudra Afrique jijini Dakar. Wanafunzi wake hujifunza katika ukumbi ambao sakafu yake ni mchanga, jambo linalobadilisha kila kitu: mchanga haukurudishii nguvu unaporuka, hivyo unajifunza kuitoa nguvu hiyo tumboni.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 wachezaji 38 kutoka nchi 14 za Afrika walikusanyika huko kujifunza *Le Sacre du printemps* ya Bausch, ile ya udongo iliyotajwa katika swali la 4. Onyesho la kwanza lilikuwa lifanyike Dakar mwezi Machi. Janga la UVIKO-19 likafunga milango, na kabla ya kutawanyika wakaicheza kazi nzima mara moja ufukweni, jua likizama, kamera ikiwa imewashwa. Filamu hiyo inaitwa *Dancing at Dusk*.

Tazama nyayo. Katika kumbi za Ulaya, udongo uliotandazwa jukwaani ni mgeni aliyebebwa kwa gari. Pale ufukweni, mchanga ulikuwapo kabla ya wachezaji na utabaki baada yao, na nyuma yao bahari haikatizi mazungumzo yake hata muziki wa kazi hiyo, uliotungwa na Stravinsky, unapokuwa mkali kiasi gani. Kazi inahusu jamii inayomtoa msichana mmoja sadaka ili ardhi izae. Nikiitazama ikichezwa na vijana ambao siku chache baadaye kila mmoja alirudi kwao bila kujua lini wataonana tena, siwezi kuitenganisha hofu ya kazi na hofu ya wakati ule.

Mahali penyewe pamebadilika. Mwanzoni mwa mwaka 2022 ulizinduliwa ujenzi wa bandari kubwa ya maji marefu Ndayane, jirani kabisa na Toubab Dialaw. Anayeuliza kwa nini wachezaji wajihusishe na habari za pwani anaweza kuanzia hapo.

8. Je, dansi inaweza kusema lolote kuhusu uchafuzi na mabadiliko ya tabianchi?

Inaweza, mradi isihubiri. Lemi Ponifasio, mtunzi mzaliwa wa Samoa, alitunga *Birds With Skymirrors* mwaka 2010 baada ya kuwaona ndege wa baharini huko Tarawa, Kiribati, wakiruka na vipande vya utepe wa plastiki vikimetameta midomoni. Visiwa vya Kiribati viko chini sana, karibu usawa wa bahari, na bahari ikipanda hakuna mlima wa kukimbilia. Eiko, baada ya miaka mingi ya kucheza na Koma, alianza mwaka 2014 kwenda Fukushima nchini Japani, eneo lililohamwa baada ya ajali ya nyuklia ya mwaka 2011, akacheza peke yake katika vituo vya treni vilivyoota majani na kando ya bahari huku mpiga picha William Johnston akimpiga picha. Hakuwa na watazamaji pale. Watu wenyewe walikuwa wamehamishwa.

## Mwili ndani ya maji

9. Je, ni lazima nijue kuogelea?

Kwa kazi za jukwaani, si lazima. Kwa bahari, mto au bwawa linalozidi magoti, ni lazima, na silegezi kamba katika hili. Isipokuwa moja: katika *Dido & Aeneas* ya Sasha Waltz (2005) wachezaji huogelea ndani ya tangi kubwa la kioo lililowekwa jukwaani, kwa hiyo ukumbi peke yake si hakikisho la maji mafupi.

10. Kwa nini hawaanguki kwenye sakafu iliyolowa?

Huanguka, ila wamejifunza kuanguka. Mwanzoni mwanafunzi hukaza vifundo vya miguu ili asiteleze, na kukaza huko ndiko kunakomwangusha, kwa sababu mguu mgumu ukipoteza mshiko mwili wote hufuata. Ninamfundisha kwanza kushusha kiuno, kukanyaga na wayo mzima na kuuacha utelezi umpeleke nusu hatua. Ufukweni naanza na maji ya ugoko, kutembea tu, kwa dakika ishirini. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, hivyo mguu ukisukumwa mbele kwa haraka hukataa, na mwanafunzi hulazimika kungoja. Siku atakayoacha kupigana nayo utaiona mgongoni mwake: mabega hushuka yenyewe.

Jambo jingine ni baridi. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, na msuli uliopoa huchanika kwa urahisi. Niliwahi kufanya mazoezi katika ukumbi ambao maji hayakupashwa moto na kiyoyozi hakikuzimwa; wachezaji wawili waliumia nyuma ya paja siku hiyohiyo. Tangu hapo nabeba taulo na chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto, na mapumziko hayazidi dakika tano bila kujikausha.

11. Jukwaa hubeba maji kiasi gani?

Piga hesabu kabla ya kuota. Eneo la mita 10 kwa 10 lenye maji ya kina cha sentimita moja tu linabeba lita 1,000, yaani tani moja. Ukitaka yafike kwenye kifundo cha mguu, tuseme sentimita 10, umekwisha kufikia tani 10, na kumbi nyingi zetu hazikujengwa kwa mzigo huo. Turubai la chini litandazwe bila mshono, kingo zake ziinuliwe, na umeme wote wa sakafuni uhamishwe juu na kufungwa kifaa cha kuukata pindi panapotokea hitilafu. Kama fundi wa ukumbi hakubaliani na mojawapo ya haya, chezeni kwenye kavu. *Moon Water* inathibitisha kwamba inawezekana.

12. Tukitaka kucheza ufukweni, tupange saa ngapi?

Waulizeni wavuvi, si saa ya mkononi. Katika pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia karibu mita nne, na uwanja mliofanyia mazoezi asubuhi unaweza kuwa bahari ifikapo alasiri. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati yake ni maji mafu, ambapo bahari haisogei sana. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo onyesho la siku tatu lililopangwa saa kumi na moja na nusu jioni litakuwa na fukwe tatu tofauti. Mtunzi anayelijua hilo huliingiza katika kazi. Mimi hupenda siku ya kwanza ya maji mafu kwa mazoezi na bamvua kwa onyesho, bahari ikiwa inajaa, ili watazamaji wenyewe walazimike kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Kagueni mchanga kila mara: vipande vya chupa, matumbawe makali, yavuyavu.

13. Na kwenye ziwa au mto?

Hapo tahadhari ni kubwa zaidi. Katika maji baridi mengi ya Afrika Mashariki, pamoja na kingo za Ziwa Victoria, kuna kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi nzima bila kidonda. Kuna mamba na viboko. Eiko na Koma walicheza mitoni, lakini mito yao si yetu. Ongeeni na zahanati ya eneo na viongozi wa kijiji kabla ya mtu yeyote kutia mguu majini, na mkiwa na shaka, chezeni ukingoni.

## Hapa kwetu

14. Je, ngoma zetu hazikuwa na maji tangu zamani?

Zilikuwa nayo, tena kwa undani kuliko jukwaa lolote. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa, na jina lenyewe linatokana na kuoga mwaka: mwaka wa zamani huoshwa, kuna mapigano ya vikonyo vya migomba ya kumalizia vinyongo, na wanawake huimba. Tofauti iko katika nafasi ya mtu. Katika Mwaka Kogwa wewe ni mshiriki, na maji yanakuosha wewe. Katika dansi ya kisasa unakaa kitini ukamtazama mwingine akioshwa. Sioni moja kuwa bora, ila ninamwomba mtunzi kijana asichukue kipande cha mila hiyo na kukipeleka jukwaani bila kuwauliza wenyewe.

15. Nianzie wapi kujifunza?

Nchini Tanzania kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambako bahari iko karibu na chuo, na shule ya dansi ya MuDa Africa jijini Dar es Salaam. Nchini Kenya historia ni ya tangu mwaka 1997, Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen walipoanzisha kundi la Gàara jijini Nairobi. Kazi yao ya awali iliitwa *Cleansing*, yaani kutakasa. Linyekula baadaye alirudi kwao Kongo na sasa Studios Kabako, kituo chake cha sanaa, iko Kisangani, mji wa mto.

## Maswali magumu

16. Je, si kuchezea maji wakati watu hawana ya kunywa?

Swali hili linauma na halipaswi kukwepwa. Lita 1,000 za swali la 11 ni madumu 50 ya lita 20, na yuko mama anayesimama foleni tangu alfajiri kwa madumu matatu. Kundi linalocheza katika mtaa wenye mgao wa maji linatakiwa lijue maji yametoka wapi na yataenda wapi baada ya onyesho. Yasiyo na sabuni wala rangi yamwagilie bustani ya shule au yatumiwe chooni. Na mara nyingine jibu la haki ni kutotumia tone: niliwahi kuwaona wanafunzi wakicheza na madumu matupu, wakiyabeba kana kwamba yamejaa, na ukumbi mzima ulijua ni uzito gani ule, kwa kuwa kila aliyekuwa mle alikwisha kuubeba.

17. Mavazi yakilowa hushika mwili. Tutalindaje heshima ya wachezaji?

Kitambaa kizito cha pamba chenye rangi iliyokolea, na vazi la ndani la kuogelea linalofika gotini. Mchezaji aulizwe faraghani, na anayekataa asiadhibiwe kwa kupunguziwa nafasi. Wazazi wanaofika kutazama waelezwe mapema.

18. Kazi iliyochezwa ufukweni ikihamishiwa ukumbini, bado ni ileile?

*Le Sacre* ya Toubab Dialaw baadaye ilifika katika kumbi za Ulaya na Marekani na wachezaji wa Afrika, udongo ukiwa umetandazwa kama Bausch alivyotaka. Miondoko ilikuwa ileile, na wengi waliilipia wakaipenda. Kwangu hizo ni kazi mbili zenye hatua zinazofanana. Ukumbini, mchezaji akishaanguka mara ya mwisho, taa huzimwa na wafanyakazi huja na mafagio. Ufukweni hakuna wa kuzima kitu: mwili ulibaki mchangani, mwanga ukaendelea kupungua kwa kasi yake, na sauti ya mawimbi ikawa ndiyo inayosikika.